Je, Wajua Moja Jumlisha Moja Ni Ngapi?

Muulize mtoto mcheshi moja jumlisha moja ni ngapi, atakujibu kumi na moja, kisha apange njiti mbili za kiberiti ubavu kwa ubavu uione namba yenyewe. Mwalimu asimkaripie. Mtoto hakujumlisha, amepanga, na kupanga nako kuna kanuni zake: ipe kompyuta 1 na 1 kama maandishi, nayo itakurudishia 11.

Ukienda maabara, mambo yanageuka tena. Mimina mililita 50 za maji kwenye mililita 50 za ethanoli, ukoroge, usome silinda. Hutakuta 100, utakuta kama 96 hivi. Hakuna kilichomwagika, na kwenye mizani uzito ni uleule. Molekuli za maji na za ethanoli huvutana na kujibana, zikachukua nafasi ndogo zaidi.

Taa ya ngazi za ghorofa ina jibu lake pia. Swichi moja iko chini, nyingine juu. Ukibonyeza ya chini, taa inawaka. Ukifika juu ukabonyeza ya pili, inazimika. Moja na moja, sifuri! Ndani ya kompyuta, ambako tarakimu ni 0 na 1 tu, saketi ya kujumlisha hufanya hivyohivyo: inaandika 0, kisha inabeba 1 kwenye nafasi inayofuata, na jumla inakuwa 10, yaani mbili kwa kizio cha pili. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa bado mwanafunzi wa MIT, Marekani, alionyesha katika tasnifu yake kwamba swichi zinaweza kufanya hesabu za namna hii.

Lakini waliolichukua swali kwa uzito kupita wote ni Waingereza Alfred North Whitehead na Bertrand Russell, waliotaka kuijenga hisabati yote juu ya mantiki tupu. Katika Principia Mathematica ya mwaka 1910, ni ukurasa wa 379 ndipo wanapothibitisha kwamba makundi mawili, kila moja lenye kitu kimoja, yakiunganishwa hutoa kundi la vitu viwili iwapo tu hayachangii kitu. Yakiwa na kitu kilekile, unabaki na kimoja. Hata hapo kazi ilikuwa haijaisha, kwa sababu maana ya kujumlisha kwenyewe ilikuwa bado haijaelezwa. Wasomaji walisubiri juzuu ya pili, mwaka 1912, kuiona 1 + 1 = 2 ikithibitishwa.