Vidonge vya Vitamini Havilindi Ini la Mnywaji

Kila mnywaji ana dawa yake ya kuzimua. Mmoja huagiza supu ya makongoro, mwingine hukamua malimao, na wapo wanaomeza vidonge vya vitamini E wakiamini vitasafisha ini. Imani hii ya vidonge ina ukweli kidogo, ila kidogo tu.

Pombe ikifika kwenye ini, vimeng'enya huigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali yenye sumu kuliko pombe yenyewe, kisha kuwa asetati, ambayo mwili huimudu bila taabu. Kwa anayekunywa mara kwa mara, ini hutegemea zaidi njia nyingine, iliyoelezwa mwaka 1968 na Charles Lieber na Leonore DeCarli wa Marekani. Kimeng'enya chake kikuu huitwa CYP2E1. Kadiri mtu anavyokunywa ndivyo kinavyoongezeka, na kila kinapovunja pombe humwaga radikali huru: molekuli zinazopora elektroni kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA.

Dhidi ya uporaji huo ini lina kinga yake, glutathioni, ambayo huitengeneza lenyewe. Pombe huimaliza.

Hatari ya upungufu huo huonekana kwenye kidonge cha parasetamoli kinachomezwa kichwa kinapogonga asubuhi. CYP2E1 hugeuza sehemu ya dawa hiyo kuwa sumu, na kazi ya kuizima ni ya glutathioni. Mnywaji wa kila siku ana kimeng'enya kingi na glutathioni haba, hivyo akizidisha dozi ini lake huumia upesi zaidi. Hospitalini hupewa asetilisisteini, dawa inayolisaidia ini kutengeneza glutathioni mpya.

Dawa hiyohiyo ilijaribiwa Ufaransa kwa wagonjwa 174 wenye homa kali ya ini itokanayo na pombe. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa kati ya waliopewa dawa ya prednisoloni peke yake, asilimia 24 walikufa ndani ya mwezi mmoja. Walioongezewa asetilisisteini, asilimia 8. Baada ya miezi sita tofauti hiyo haikuwa tena ya kutegemewa. Vitamini E nayo, ambayo huweza kuzima radikali huru, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo haikupunguza vifo. Huko Finland, vidonge vya beta-karotini viliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara, hasa waliokuwa wakinywa zaidi.

Vyakula vyenye vitamini, kama mapera, machungwa na mchicha, vinabaki bora, hasa kwa mtu anayekunywa bila kula. Lakini havizimi CYP2E1. Kinachokipunguza ni kuacha pombe: ndani ya siku chache kimeng'enya hicho hushuka, na mafuta yaliyojaa kwenye ini huanza kupungua katika wiki chache.

Anayekunywa kila siku asikatishe ghafla peke yake, kwani anaweza kupata degedege. Amwone daktari kwanza, na macho yakianza kuwa ya manjano asingoje kesho.