Miguu Iliyovimba Mogadishu

Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari wasiopungua 241 wa kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu walivimba miguu. Wengine mioyo ilishindwa kusukuma damu, na wanne wakafa. Kadhaa walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda, ambako vipimo vya kwanza vya maambukizi na sumu havikuonyesha kitu. Ilikuja kubainika kuwa ni beriberi, upungufu wa vitamini B1. Bila vitamini hiyo seli hazigeuzi wanga kuwa nguvu ipasavyo, na moyo, ambao haupumziki, huumia mapema. Msomaji wa mtaa wa Langoni, Lamu, ambaye Somalia kwake ni jirani, huwaza risasi na mabomu anaposikia habari za vita. Hapa umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu, uliharibiwa na sahani.

Wala askari hao hawakushinda njaa. Wachunguzi waliona kwamba ugonjwa uliwapata zaidi waliokula chakula cha jeshi peke yake, bila cha kununua mtaani, na zaidi pale palipokuwa na hatari kubwa. Kwangu mambo hayo mawili ni jambo moja: asiyeweza kutoka kambini hawezi kwenda sokoni. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na mtu akila wanga mwingi huihitaji zaidi. Ndiyo maana kijana aliyetoka kwao mzima aliweza kuugua huku tumbo limeshiba.

Kuna atakayesema kwamba damu iliyopimwa ni ya wagonjwa 16 tu, kwa hiyo huenda ilikuwa sumu isiyoonekana. Ni hoja ya haki, ila waliopewa B1 walipona upesi, na wazima nao walipogawiwa, wagonjwa wapya walipungua na hakuna kifo kingine kilichoripotiwa. Sumu haitibiwi hivyo. Mwingine atasema moshi na kemikali ndizo huharibu miili ya askari, na sikatai: Marekani inawalipa fidia ya kisukari maveterani waliokutana na dioksini Vietnam, na sheria yake ya 2022 inatambua madhara ya moshi wa taka zilizochomwa kambini. Lakini madhara hayo huchukua miaka, na kuyathibitisha kwa mtu mmoja ni kazi ngumu. Chakula kinaweza kukaguliwa leo. Sidai kwamba askari wa Kenya waliopelekwa msitu wa Boni, Lamu, tangu 2015 wanaugua beriberi. Nasema anayepanga posho yao ahesabu B1 kama anavyohesabu kilo za mchele, hasa kwa kambi ambazo barabara zake hutegwa mabomu.