Kitunga cha Wagenia kinaachilia samaki mdogo

Kwenye maporomoko ya Wagenia, pale Kisangani, mgeni anapiga picha ya miti kisha anaenda zake. Miti ile imesimama katikati ya maji makali, imefungwa kwa kamba za pori, na miguu yake imeingia ndani ya matundu ambayo maji yenyewe yalitoboa katika mawe. Juu yake ndipo vitunga vinafungwa, vikubwa kupita mtu, mdomo wazi.

Wachache wanauliza: kwa nini kitunga kiko na nafasi kubwa hivi kati ya fito? Ni kusudi samaki mdogo apite. Kitunga kinangoja mkubwa tu. Tena mvuvi hafukuzi samaki, maji ndiyo yanamsukuma ndani. Kazi nguvu iko mbele ya hapo: kuchagua mahali, kusimamisha miti, kusuka. Kisha mara mbili kwa siku wanainua vitunga, na kama samaki yuko, mtu anaruka mu maji kumchukua.

Sasa angalia wale wanaovua na chandarua cha mbu. Kinakamata vyote, hata watoto wa samaki. Leo beseni limejaa, kesho mto uko tupu.

Nyumbani pia ni vile. Ukimwambia mtu wa kwetu arahisishe maisha, atakuuliza: nipunguze nini, na sina kitu? Iko na haki. Shauri la kutupa vitu ni la wenye makabati yaliyojaa. Kwetu kinachojaa ni maombi: mayunite ya simu, mchango wa ndoa, kitambaa cha sikukuu, deni la duka. Kila moja ni kidogo, lakini zote pamoja zinakula minervali ya mtoto.

Masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari ingali inalipwa. Basi nyumba yenye mtoto anayemaliza msingi mwaka huu inajua tayari samaki wake mkubwa ni nani. Franga yake inatoka kwanza, siku ile ile ya soko ama ya mshahara. Ukingoja ile itakayobaki, haitabaki.

Matanga je? Hapa tuseme wazi: kwetu matanga si samaki mdogo. Jirani uliyemkimbia leo ndiye utamhitaji kesho. Lakini kufika, kukesha na kuchota maji ni mchango pia, hata kama bahasha ni nyepesi. Kitambaa cha kushona sawasawa na wengine, hicho kinaweza kupita.

Na mtu mmoja hasimamishi miti ya Wagenia peke yake. Baba akipanga bila mama, ama mama bila baba, mpango unaanguka kabla ya mwisho wa mwezi. Vitunga vinaangaliwa mara mbili kwa siku. Kwa nyumba, Jumamosi jioni kisha soko inatosha: wazazi wanahesabu pamoja, na mtoto mkubwa anasikiliza.