Shaba yetu inaenda wapi? Tuwafundishe watoto majina ya inchi kwa Kingereza

Jioni, wakati baba anarudi kazini na kuvua buti pale mulangoni, watoto wanakaa mbele ya nyumba kuhesabu makamio yanayopita. Yamebeba mabamba ya shaba, mengine yamefunikwa, huwezi kujua ndani mwake kuna nini. Mutoto mumoja anauliza: « Papa, hii kamio inaendaka wapi? » Baba anajibu sawa vile sisi wote tunajibuka: « Inaenda ku Sud, mwana. » Mutoto anatosheka. Kwake yeye, iko inchi moja yenye kuitwa Sud.

Kesho yake mwalimu anaandika ku tablo: « South Africa ». Mutoto anasoma, anarudilia, anapata pointi nzuri. Lakini hajui kwamba hiyo ndiyo Sud ya baba yake. Na kama mama amekwisha kumwambia « Afrique du Sud », basi kichwani mwake kuna inchi tatu pahali pa moja.

Ndiyo sababu tunaandika leo. Wengi wanazani kumufundisha mutoto majina ya inchi kwa Kingereza ni kazi ya kasuku: anaimba « Zambia, Tanzania, China », wageni wanapiga mikono, imekwisha. Sisi tunaona si vile. Kwa mutoto wa mutu wa mungodi, yale majina ni njia ambamo jasho la baba yake linapita. Akiyajua vizuri, atajua kitu ambacho wengi wetu tulifika pensheni bila kukijua: shaba tuliyoitoa ilienda kwa nani.

Majirani wetu wanasema nini

Inchi yetu inapakana na inchi 9: Angola, Zambia, Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda, Sudan ya Kusini, Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville. Hesabuni pamoja nasi. Zambia, Uganda na Sudan ya Kusini zinatumia Kingereza kwa kazi ya serikali. Rwanda na Burundi zimekiweka kati ya lugha zao za serikali. Tanzania inakitumia pamoja na Kiswahili. Hizo ni 6 juu ya 9. Tena tangu mwaka 2022 Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na humo makaratasi mengi yanaandikwa kwa Kingereza.

Kwetu huku kusini, hatuhitaji kwenda mbali. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka upande wa kusini, ikapita Sakania, ikaleta mashini na watu wenye kusema Kingereza. Leo unavuka baryeri ya Kasumbalesa, na mabango yote unayasoma kwa Kingereza. Watu wa Sakania na watu wa Ndola wanasikilizana kwa Kibemba bila shida. Lakini karatasi ya mupaka haijazwi kwa Kibemba.

Tunamujua kijana mumoja wa avenue yetu. Alipewa fomu ya kazi, yote Kingereza. Pale palipoandikwa « Nationality » akaandika « Lubumbashi ». Pale pa « Place of birth », pahali pa kuzaliwa, akaandika « Congolais ». Karatasi ilirudishwa, na kufika aandike ingine, musitari ulikuwa umekwisha kufungwa. Huyu kijana si mujinga, ana diploma yake. Shida ni kwamba alianza Kingereza ku secondaire, wakati ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea Kifaransa, na hakuna aliyemwonyesha kwamba inchi, muji na uraia ni vitu vitatu.

Kichwa na mukia

Muzazi atasema: « Mi sijui Kingereza, nitafundisha nini? » Tunamujibu kwamba Kiswahili chake kinatosha kuanza.

Sisi tunabadilisha jina kwa kichwa. Zambia ni inchi. Mutu wake ni Muzambia, wengi ni Wazambia. China ni inchi. Muchina ni mutu, Kichina ni lugha. Kingereza kinaacha kichwa vile kilivyo, kinabadilisha mukia. Mutoto akishika hilo neno moja, kichwa na mukia, nusu ya kazi imekwisha.

Mikia mikubwa ni mitatu. Wa kwanza ni « -an », nao ni wa wengi: Zambian, Tanzanian, Angolan, Namibian, South African, Indian, American, Belgian. Wa pili ni « -ese »: Congolese, Chinese, Japanese, Portuguese. Huu hauongezwi « s » wakati watu ni wengi: mumoja ni Congolese, kumi ni Congolese. Wa tatu ni « -ish »: British, Spanish, Turkish, Polish. Kisha wako wale wenye kutembea njia yao wenyewe, wanajifunzwa mumoja mumoja: France inatoa French, Greece inatoa Greek, Switzerland inatoa Swiss.

Watoto watacheka wakisikia hili: iko inchi ambayo Kingereza kimekubali kufuata desturi yetu. Mutu wa Botswana anaitwa Motswana, na wengi wanaitwa Batswana. Na Lesotho vilevile: Mosotho mumoja, Basotho wengi. Kichwa ndicho kinabadilika, sawa kwetu. Mutoto anaona kwamba lugha za wazee wake nazo zimeingia katika vitabu vya Wangereza.

Mitego ya Kifaransa

Kifaransa kinasaidia, lakini pengine kinatega. Mutego wa kwanza ni « la ». Kwa Kifaransa tunasema la Zambie, la Chine. Basi mutoto anaandika « the Zambia », « the China ». Hapana. Kingereza kinasema Zambia tu, China tu, sawa vile Kiswahili. Majina machache ndiyo yanachukua « the »: the United States, ni kusema Marekani; the United Kingdom, ni kusema ufalme wa Wangereza; the Netherlands, ni kusema Uholanzi. Na jina refu la inchi yetu: the Democratic Republic of the Congo.

Wa pili ni herufi kubwa. Kifaransa kinaandika « français » na herufi ndogo wakati ni lugha. Kwa Kingereza, lugha na uraia vinapata herufi kubwa siku zote: French, Chinese, Swahili.

Wa tatu ni mwanamuke na mwanaume. Kifaransa kina congolais na congolaise. Kingereza hakitenganishi: baba ni Congolese, mama ni Congolese.

Wa ine ni lugha. Watoto wanaandika « I speak Congolese ». Lugha hiyo haiko. Mutoto aseme: « I am Congolese. I speak Swahili. » Na aone kwamba kwa Kingereza Kiswahili kinapoteza « Ki » yake.

Wa tano ni herufi tatu za inchi yetu. Kwa Kifaransa ni RDC, kwa Kingereza ni DRC. Ni inchi moja, herufi ni zile zile, ila zimebadilisha nafasi.

Mutego wa mwisho unatoka kwa wazee wetu wenyewe. Katika Kiswahili cha zamani Wajerumani waliitwa Wadachi. Wale waliopigana nao Tabora mwaka 1916 ndio hao. Lakini kwa Kingereza « Dutch » si Mujerumani, ni Muholanzi. Mujerumani ni « German », na inchi yake ni « Germany », jina ambalo halifanani hata kidogo na Allemagne.

Mufuate kamio

Sasa tufundishe namna gani? Hatuna karta ya dunia ku ukuta, na ile ya masomo pengine imepasuka. Tuchukue kipande cha makala na kifuniko cha chupa. Makala inachora chini, kifuniko ni kamio.

Kwanza mutoto asimame asubuhi, atazame pale jua linatokea. Mbele yake ni « east », mugongoni ni « west », mukono wa kushoto ni « north », wa kuume ni « south ». Maneno haya mane yatamusaidia kesho: atajua kwamba South Africa ni Afrika ya upande wa kusini, na South Sudan ni Sudan ya upande wa kusini.

Kisha kamio inatoka Kolwezi. Inapita Likasi na Lubumbashi, inafika Kasumbalesa. Hapo mutoto anasema: « Goodbye, Congo. Hello, Zambia. » Inapita Chingola, Kitwe, Ndola, mpaka Kapiri Mposhi. Pale njia zinagawanyika.

Yenye kwenda kusini inapita Lusaka. Inaweza kuvuka Chirundu na kuingia Zimbabwe, au kuvuka daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021, na kuingia Botswana. Mwisho wake ni South Africa, muji wa Durban, kando ya bahari. Hiyo ndiyo Sud ya baba.

Yenye kwenda mashariki inafika Nakonde, inavuka Tunduma, inaingia Tanzania mpaka Dar es Salaam. Kando yake kuna reli ya TAZARA, kilometa 1.860, ambayo Wachina walisaidia kujenga kati ya mwaka 1970 na 1975. Mutoto anajifunza hapo majina matatu kwa mara moja: Zambian, Tanzanian, Chinese.

Yenye kwenda magharibi ni ya treni. Inapita Dilolo, inaingia Angola, inafika Lobito. Huko mutu ni Angolan, lakini lugha ya serikali ni Portuguese. Bahari ya Lobito ni Atlantic Ocean. Bahari ya Durban na ya Dar es Salaam ni Indian Ocean.

Tangu hapo mashua inabeba. Kobalti inayotoka kwetu ni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inasafishwa China. Bei ya shaba inatangazwa London, katika soko lililoanzishwa mwaka 1877. Na London nayo inafundisha: Kiswahili kinasema Uingereza tu, lakini kwa Kingereza iko « England », ambamo London iko, na iko « United Kingdom », ambamo England imekaa pamoja na Scotland, Wales na Northern Ireland. Mutu wa humo mote ni British.

Kila jioni inchi moja, maneno matatu: inchi, mutu, muji. Zambia, Zambian, Lusaka. Isizidi. Mutoto akichoka, tumupe mucheso wa telefone. +243 ni sisi, anajua. +260? Zambia. +27? South Africa. +255? Tanzania. +86? China. Tena asome vitu vya nyumbani: mufuko wa unga, kofia ya kazi ya baba, redio. Pale palipoandikwa « Made in » au « Product of », jina la inchi linafuata. Tukila bukari ya unga wa Zambia, ni vizuri mutoto ajue kwamba shaba inashuka na unga unapanda njia ile ile moja.

Tusimucheke babu

Jambo moja tena. Babu akisema « tulikuwa tunaendaka ku Rodezia na kinga », watoto wanacheka juu hawaioni ile inchi. Wasicheke. Zambia iliitwa Northern Rhodesia mpaka tarehe 24 Oktoba 1964. Zimbabwe ilipata jina lake mwaka 1980. Hata jirani wa South Africa, Swaziland, tangu mwaka 2018 anaitwa Eswatini. Na sisi wenyewe? Babu alitumika Jadotville, leo ni Likasi. Inchi iliitwa Zaïre tangu mwaka 1971 mpaka 1997, na jimbo lake la Katanga lilibeba jina la Shaba. Mwaka 2015 Katanga ikagawanyika majimbo mane. Mutu hakuhama nyumba yake, majina ndiyo yalipita juu yake. Basi babu naye ni karta. Tumukalishe karibu na watoto, aseme majina ya zamani, wao waseme ya leo kwa Kingereza.

Tulipofanya hivyo kwetu, muzee mumoja aliyetumika chini ya udongo miaka mingi alitazama kifuniko cha chupa mpaka kikafika Durban. Akanyamaza. Kisha akauliza: « Kumbe ni huko yote ilikuwa inaendaka? » Mujukuu wake akamujibu: « Hapana, babu. Pale inapanda mashua. » Akamusukumia kifuniko, babu naye akakishika, akauliza tena njia ya kwenda China.