Samaki wa Dirishani ni wa Nani?

Hoteli nyingi huuza kitanda, chakula na mandhari. Kaskazini mwa Pemba, mbele ya Rasi ya Kigomasha, kuna chumba kinachouza samaki walio hai. Ni chumba cha hoteli ya The Manta Resort, kilichofunguliwa mwishoni mwa 2013, nacho huelea baharini, mbali kidogo na ufukwe. Alikibuni Mikael Genberg, msanii wa Sweden aliyekwisha kujenga chumba cha namna hiyo katika ziwa la Mälaren kwao mwaka 2000. Juu kuna sitaha ya kulala ukitazama nyota, katikati sebule na choo, na chini, kama mita nne ndani ya maji, kitanda kilichozungukwa na madirisha. Usiku taa huwashwa nje ya vioo, na ngisi huufuata mwanga. Kilipofunguliwa, bei ya wageni wawili ilitangazwa kuwa kama dola 1,500 za Marekani kwa usiku mmoja, mbali na nauli ya ndege ndogo ya nusu saa kutoka Unguja hadi Chake Chake na safari ya gari inayopita msitu wa Ngezi.

Waandishi wa safari wamekisifu chumba hiki kwa ufundi wake, na ufundi upo. Lakini kitie nanga kwenye mwamba uliokokotwa nyavu mpaka matumbawe yakavunjika, mgeni atakuwa amelipia kutazama mchanga. Hoteli haifugi changu hata mmoja. Samaki wapo kwa sababu wavuvi wa kule walikubaliana na hoteli kwamba eneo lile lisivuliwe, wakapeleka madema na mishipi yao kwingine. Kwa hiyo ninashikilia kwamba mvuvi wa Makangale, shehia ya kule, ni mshirika katika biashara ile, na haki ya mshirika ni sehemu ya mapato, iliyoandikwa na kujulikana. Msaada wa kisima au madawati ni jambo jema, ila hutolewa kwa hiari ya mtoaji.

Pemba ina ushahidi wake. Kisiwa cha Misali, ambako wavuvi wamekuwa wakipiga dago tangu zamani, kilikaribia kukodishwa kwa hoteli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wavuvi walikataa, mpango ukaachwa, na mwaka 1998 kisiwa kikawekwa chini ya hifadhi. Mwaka 2005 hifadhi hiyo ilipanuliwa kuwa Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba. Matumbawe ambayo wazamiaji huvuka bahari kuyaona leo yanadaiwa shukrani na watu wale waliosema hapana.

Wapo watakaosema hoteli imeshalipa kwa kodi na ajira. Ajira humfaa aliyeipata. Aliyehamisha dema lake hubeba hasara kila siku, hata kama hana ndugu jikoni wala bustanini. Hoja nzito zaidi ni kwamba samaki wanaolindwa huzaana na kutawanyika, hivyo mvuvi hufaidika nje ya mpaka. Hilo ni kweli kwa kiasi. Lakini tazama Kisiwa Panza, kusini, ambako wanakijiji wamewahi kufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue: siku ya kufungua huipanga wenyewe, na mavuno huwa yao. Mbele ya dirisha la mgeni hakuna siku ya kufungua. Huko fidia haiwezi kuwa pweza, lazima iwe fedha. Tena bahari yenyewe haina dhamana, maana joto la 1998 na la 2016 lilifanya matumbawe mengi ya Afrika Mashariki kupauka. Mvuvi hana uwezo juu ya joto hilo, basi asibebeshwe peke yake gharama ya kungoja mwamba upone. Mkataba uwe wa muda, upitiwe upya, na kamati ya wavuvi ya shehia iwe na nakala.

Nawe msafiri, kabla hujalipia chumba chochote kinachotangaza bahari ya Pemba, waulize wenye hoteli maswali mawili: eneo lisilovuliwa limekubaliwa na kijiji gani, na katika bei ya usiku mmoja kijiji hicho hupata kiasi gani. Hoteli inayowatendea haki wavuvi haitashindwa kukujibu.