Kuku wa Uani na Tembo wa Leopold

Kaya nyingi za Unyamwezi hazina banda la kuku la maana. Kuku hulala jikoni au juu ya mti, na asubuhi hungoja mama apepete. Pumba ikimwagwa, mwangalie jogoo kwanza: yeye hali. Hudona punje, huiangusha, huidona tena huku akiita, hadi mitetea wakusanyike. Ndipo ugomvi unapoanza, mkubwa akimdona wa kati na wa kati akimdona mdogo. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika tasnifu juu ya madaraja hayo ya kuku mwaka 1921. Bibi zetu waliyajua bila tasnifu.

Kinachonivutia zaidi ni kinachofuata. Mtetea mnyonge akibahatisha tonge la ugali, hutimua nalo nyuma ya kinu, na kundi zima humfukuza, wenye nguvu wakiwa mbele. Pumba inabaki chini haina mwenyewe, na vifaranga wanajilia kwa raha zao.

Hayo ndiyo yaliyotokea kwenye njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji. Tonge lilikuwa pembe za ndovu. Kwa ajili ya pembe, na hongo ya kupita, mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora walianza kupigana mwaka 1871, na njia ya Ujiji ikafungwa. Watu wa kawaida wakashughulika na kilichobaki chini. Unyanyembe, eneo la Tabora, ililisha misafara kwa mpunga, mahindi, mtama na hao hao kuku. Lakini tusipambe mambo: majembe mengine yalishikwa na watumwa.

Vijana nao waliuza mabega yao, na soko hilo walifunguliwa na mdudu. Mbung'o walijaa katika misitu ya miombo, na ng'ombe au punda wa mizigo aliyeumwa angeweza kufa kwa ugonjwa wa nagana kabla safari haijafika mbali. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitafuta njia ya kuachana na wapagazi. Mwaka 1879 wakashushwa pwani ya Msasani tembo wanne kutoka India. Aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ni mmoja tu. Mnyamwezi alifika, na frasila mbili begani, yaani kilo 32 hivi. Ikawa desturi: kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo, unaovumilia matusi hata msibani, nao una mizizi katika safari hizo.

Wengi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua, maana shamba halimngoji mtu. Ujira ulikuwa nguo, na nguo haikukaa sandukuni. Iligeuzwa majembe, mbuzi, na ng'ombe wa mahari. Watemi na matajiri waliwakabidhi wachungaji wa Kitusi mifugo yao, nao wachungaji wakafaidi maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ukafyeka ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na aliyeweka jasho lake lote zizini akaanza upya.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafifia. Vijana hawakukaa kuililia. Walikwenda kukata mkonge Tanga, na mshahara wa huko nao ukarudi nyumbani ukanunua ng'ombe.