Waliotengwa Warudi Nyumbani na Nguo Mpya

Katika Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, iko hospitali moja iliyojengwa mtelemkoni karibu na mto. Hospitali hiyo ni ya wanawake, na wengi wa wanaolazwa humo wamepatwa na dhara la namna moja, liitwalo fistula, ambalo wengine huliita nasuri. Matibabu yake hayalipiwi. Tena iko desturi nzuri iliyoshikwa huko tangu zamani: mwanamke akiisha kupona hupewa nguo mpya na nauli ya basi, kisha huagwa arudi kwao. Kwa bei, nguo hiyo si kitu kikubwa. Lakini mtu akijua alivyokuwa mwanamke yule siku aliyoingia, atafahamu kwa nini wengi hulia wanapoivaa.

DHARA LENYEWE

Wasomaji wengi hawajapata kusikia habari za ugonjwa huu, kwa sababu walio nao hujificha. Asili yake ni hii. Mwanamke ashikwapo na uchungu wa kuzaa, na njia ikawa nyembamba, au mtoto akawa amekaa vibaya tumboni, mtoto hukwama. Kama daktari yuko karibu, mama hupasuliwa, na mara nyingi wote wawili huokoka. Kama hayuko, mama huendelea na uchungu siku mbili, siku tatu, na hata zaidi. Muda huo wote kichwa cha mtoto huzikandamiza nyama laini za mama juu ya mfupa wa nyonga hata damu isiweze kupita, na nyama hizo hufa. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa maiti. Siku chache baadaye nyama zilizokufa hutoka na kuacha tundu. Tangu hapo mkojo humtoka mama usiku na mchana wala hawezi kuuzuia. Wako na wengine ambao hutokwa na choo kubwa pia.

Basi mwanamke huyo, akiwa angali anamlilia mtoto wake, hupatwa na msiba wa pili. Mumewe huchoka na harufu, akamrudisha kwa wazazi wake. Wazazi humhurumia, lakini mwishowe humjengea kibanda kando ya nyumba. Hasalimiwi sokoni, haalikwi arusini, wala hakai na wenzake kanisani. Wako wasemao kwamba amelaaniwa, naye huanza kuamini hivyo. Huogopa kunywa maji akidhani mkojo utapungua, kumbe kwa kukosa maji mkojo huwa mkali zaidi na kumchoma ngozi. Wengine hulala wamejikunja kwa miezi mingi, hata miguu ikakakamaa wasiweze kusimama. Na ukiuliza amefanya kosa gani, huoni kosa. Alikuwa anazaa mahali palipo mbali na barabara, basi.

MKATABA WA MIAKA MITATU

Mwaka 1959 walifika Addis Ababa mtu na mkewe, wote wawili madaktari wa magonjwa ya wanawake: Dakta Reginald Hamlin, mzaliwa wa New Zealand, na Dakta Catherine Hamlin, mzaliwa wa Australia. Walikuwa wameona tangazo la kazi katika gazeti la madaktari. Mkataba wao ulikuwa wa miaka mitatu, nao walitakiwa kuanzisha mafunzo ya wakunga katika hospitali iliyopewa jina la Binti Mfalme Tsehai. Jina hilo lilikuwa na habari yake. Tsehai, binti wa Mfalme Haile Selassie, alikuwa amesomea kazi ya unesi huko Uingereza, akafa mwaka 1942 kwa matatizo ya uzazi, naye hajatimiza miaka 23. Ndipo watu wakaona kwamba hata jumba la mfalme si ngome ya kumlinda mama.

Dakta Hamlin na mkewe walikuwa Wakristo wa Kanisa la Anglikana, na kazi yao waliiona kuwa ni wito. Walipofika walikuwa hawajapata kumwona mgonjwa wa fistula, maana katika nchi walizotoka ugonjwa huo ulikuwa umekwisha zamani, tangu wanawake wa huko walipoanza kuzaa penye wakunga na madaktari. Iliwabidi kujifunza kwa kusoma vitabu, kutazama michoro, na kuwaandikia barua waganga wa nchi nyingine waliokuwa na ujuzi. Kisha wakaanza kuwapasua wagonjwa, na wagonjwa wakapona.

Habari zikaenea mashambani. Wanawake wakaja, wengine kwa miguu kwa siku nyingi, wengine kwa fedha walizoomba sarafu moja moja. Lakini hata hospitalini wagonjwa wengine hawakupenda kulazwa karibu nao. Kwa hiyo mwaka 1974 wale madaktari wawili walifungua hospitali ya wanawake hao peke yao. Mwaka huo huo Mfalme aliondolewa katika kiti chake, na nchi ikatawaliwa na askari. Wageni wengi walifunga mizigo yao wakaenda zao. Dakta Hamlin na mkewe walibaki. Yeye alifariki mwaka 1993, na mkewe aliendelea na kazi mpaka uzeeni, akafariki huko Addis Ababa mwezi wa Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 96. Mkataba wa miaka mitatu ulikuwa umegeuka kuwa miaka zaidi ya 60, na wanawake waliotibiwa wamepita 60,000. Hakuulizwa mtu kama ni Mkristo au Mwislamu. Aliulizwa anaumwa wapi.

MAMITU

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliletwa kwa Dakta Hamlin msichana mmoja wa mashambani, jina lake Mamitu Gashe. Hakuwa amepata kuingia shule. Alikuwa na uchungu siku kadhaa, mtoto wake akafa, na mwili wake ukaharibika vibaya. Hakupona upesi, bali ilibidi apasuliwe mara kadhaa. Wakati alipokuwa akingojea aliona haya kukaa bure, akaanza kutandika vitanda na kuwaosha wagonjwa wenzake. Dakta Hamlin aliona kwamba mikono yake ni mepesi na macho yake hayapitwi na kitu. Akamwita katika chumba cha kupasulia awe anampa vyombo. Baadaye akamwonyesha kushona jeraha, kisha kazi iliyo ngumu zaidi, hatua kwa hatua, miaka mingi.

Kwa njia hiyo Mamitu akawa mpasuaji. Mwanamke aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima akawa anawafundisha madaktari waliotoka vyuo vikuu vya nchi za mbali, nao wakisimama karibu yake kuangalia mikono yake. Mtu aweza kuuliza ni kipaji gani kilichokuwa kimelala katika kibanda cha nyuma ya nyumba, kama hapana mtu aliyekifungulia mlango.

Wala si yeye peke yake. Wanawake wengi walioponywa humo walibaki kuwa wasaidizi wa manesi. Mgonjwa mpya anapoingia, akiinamisha uso kwa haya, humpokea mwanamke anayeweza kumwambia kwamba yeye naye alikuja vile vile. Neno hilo hufanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya.

KUPONA SI MWISHO

Wako wachache ambao jeraha lao ni kubwa mno, wakabaki wakihitaji uangalizi wa daktari siku zote. Kwa ajili yao Bibi Catherine alianzisha kijiji karibu na Addis Ababa, kiitwacho Desta Mender, maana yake Kijiji cha Furaha. Hapo nia haikuwa kuwalisha tu na kuwaacha wakae wakihurumiwa. Walifundishwa kazi za mikono na kazi za shamba, wapate kitu cha kuuza na fedha ya kushika mkononi. Mtu aliyedharauliwa muda mrefu huanza kujiheshimu siku ile anaponunua sukari kwa fedha aliyoitoa jasho.

Hata hivyo Bibi Catherine alifahamu kwamba kushona majeraha bila kuziba asili yake ni sawa na kuchota maji kwa kikapu. Kwa hiyo mwaka 2007 kilifunguliwa chuo cha wakunga. Wanafunzi wake huchaguliwa katika sehemu za mashambani, na wakiisha kuhitimu hurudi kufanya kazi katika sehemu hizo, penye njia mbaya na hospitali za mbali. Hospitali nyingine tano za fistula nazo zilijengwa katika Bahir Dar, Mekelle, Yirgalem, Harar na Mettu, ili mgonjwa asilazimike kusafiri mpaka mji mkuu.

FUNZO KWA WENYE NYUMBA

Isidhaniwe kwamba habari hizi ni za Ethiopia tu. Katika Kenya pia wako wanawake walioumia vivi hivi, na wako madaktari wanaojua kuwatibu, kama vile katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Tabu ni kwamba wengi wao hawajui kwamba ugonjwa wao una dawa, na majirani wanaojua hawawaambii.

Yako mambo ambayo mkulima au karani aweza kuyatenda bila kungojea mtu mwingine. Baba asimwoze binti yake kabla mwili wake haujakomaa, maana nyonga za mtoto si njia ya kupitisha mtoto. Mume aweke akiba ya gari tangu mimba inapoonekana, wala asingoje mpaka usiku wa uchungu ndipo aanze kubisha milango ya watu. Uchungu ukipita siku moja mama hajazaa, apelekwe hospitali, hata kama wazee wa nyumba wanasema tungoje kidogo. Na kama kijijini yuko mwanamke asiyeonekana kanisani wala sokoni tangu alipozaa, watu wasiseme amelaaniwa. Na aende mama mmoja mwenye busara akaketi naye, amwulize kwa upole.

Mwanamke huyo akipona, asiachwe mlangoni pa hospitali na baraka za mdomo. Atahitaji nguo, nauli, kazi ya kufanya, na mtu wa kumkaribisha kwake bila kuziba pua. Na akipata mimba tena, lazima akazalie hospitali, ili kazi ya daktari isiharibike. Dakta Hamlin na mkewe walianza na mgonjwa mmoja. Jirani naye anaanza na mmoja.